Nimepata nafasi ya miaka miwili Uingereza: niende, na nikienda nitarudi?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni daktari bingwa wa ganzi na usingizi, mwanamke wa miaka 35, na ninafanya kazi katika hospitali ya rufaa ya mkoa mmoja wa kusini mwa Tanzania. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, na tuna mtoto mmoja wa kiume atakayetimiza miaka minne mwezi Juni. Nimejipa moyo wa kukuandikia kwa sababu najua kwamba wewe mwenyewe uliwahi kufanya kazi nje kisha ukarudi nyumbani, jambo ambalo kwa wenzangu wengi niliosoma nao sijaliona likitokea.

Mwaka jana niliomba nafasi Uingereza kupitia mpango uitwao Medical Training Initiative, ambao huwapokea madaktari wa nchi kama yetu kwa muda usiozidi miezi 24, wakafanya kazi chini ya usimamizi wa mabingwa wa huko, wakajifunza, kisha wakarejea makwao. Mtihani wa Kiingereza niliufanya mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza nilikwama kwenye sehemu ya kuandika. Sasa barua imefika. Hospitali moja ya kaskazini mwa Uingereza inanitarajia mwezi Septemba, yaani miezi mitano kutoka leo.

Nilidhani nitafurahi, lakini tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Hapa kituoni bingwa wa fani hii ni mimi peke yangu, nikisaidiwa na wauguzi wawili wa usingizi. Wiki mbili zilizopita, saa tisa usiku, aliletwa mama mjamzito mwenye kifafa cha mimba, na muuguzi aliyekuwa zamu alinipigia simu sauti ikitetemeka. Nilifika nikiwa bado na kanga mabegani. Mama na mtoto wote walipona, lakini nilipokuwa nanawa mikono yule muuguzi aliniuliza, "Daktari, mwezi wa tisa nitampigia nani?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Nilipomwonyesha mganga mfawidhi ile barua, aliniambia kwamba niende nikitaka, ila nisitegemee kukuta kiti changu nikirudi. Mume wangu amesema, "Ni uamuzi wako," na tangu hapo hataki kulizungumza tena. Mama mkwe amesema waziwazi kwamba mwanamke haachi mume na mtoto akaenda kutafuta sifa ughaibuni. Mama yangu mzazi, anayeishi Songea na ana kisukari, ndiye pekee aliyesema niende, nami najua kwamba ndiye atakayeumia zaidi nikiondoka, kwa kuwa dawa zake na safari zake za kliniki zote nazisimamia mimi.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Amejitokeza wakala, amenipigia simu mara tatu, akisema kwamba kwa shilingi milioni nne atanitafutia hospitali ya kunipa ajira ya kudumu mara miezi 24 itakapokwisha. Sijamlipa, lakini namba yake sijaifuta. Hapo ndipo ninapojiogopa. Kaka mmoja tuliyesoma naye aliondoka mwaka 2019 akisema ni miaka miwili tu, na hajarudi hata kumzika baba yake. Kabla ya kuondoka alikuwa akisema maneno haya haya ninayoyasema mimi.

Niende? Na nikienda, nitajuaje kwamba nitarudi?

Daktari wa Usingizi, Kusini

---

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na jibu langu kwa swali la kwanza ni kwamba uende. Hilo la pili ndilo zito, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi. Nia ya kurudi kila daktari hupanda nayo ndege, na huyo kaka uliyesoma naye alipanda nayo kwa dhati kabisa. Kinachomrudisha mtu ni vitu vinavyoshikika: kiti kinachomngoja, leseni iliyo hai, familia iliyokuwamo ndani ya uamuzi, na tarehe inayojulikana na watu zaidi ya mmoja. Hivyo vyote hutengenezwa kabla ya kuondoka, na wewe una miezi mitano.

Nianze na yule muuguzi, kwa sababu swali lake ndilo lililokuondolea usingizi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitaja nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na Tanzania imo. Uingereza kwa upande wake imewakataza waajiri wake kwenda kutafuta watumishi katika nchi hizo, ingawa mtu anayeomba mwenyewe, kama ulivyofanya, hazuiwi. Kwa hiyo hujavunja kanuni ya mtu. Uzito hata hivyo uko pale pale, nawe umeuona kwa macho yako saa tisa usiku. Usiubebe kwa kujilaumu, ubebe kwa kazi. Tangu wiki hii tenga saa moja kila Jumatano uwafanyishe wale wauguzi wawili mazoezi ya dharura tatu zinazoua kwa haraka: kifafa cha mimba, kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, na mgonjwa ambaye mpira wa hewa umekataa kupita kooni. Wafanye kwa mikono, kwa vifaa mlivyonavyo, siyo kwa maneno, na kila hatua ibandikwe ukutani kwa Kiswahili kwa herufi kubwa. Andika pia kwa hospitali ya kanda uombe jina na namba ya bingwa atakayekubali kupigiwa simu usiku, na umtambulishe kwao ukiwa bado upo. Mkoa nao uombwe kwa maandishi kuletewa bingwa wa kushikilia nafasi yako kwa muda. Huenda ombi hilo likachukua miezi kujibiwa, na ndiyo sababu lisingoje hadi Agosti.

Sasa kuhusu mwajiri. Kauli ya mganga mfawidhi imekuumiza, lakini ni kauli ya mdomo ya mtu aliyeshtuka kwamba anabaki bila bingwa, na ningekuwa mimi kwenye kiti chake huenda ningesema vivyo hivyo. Usishindane naye kwa maneno. Andika barua rasmi ya kuomba ruhusa, ya masomo ikiwezekana kwa kuwa mpango wenyewe ni wa mafunzo, na kama haikubaliki basi likizo bila malipo, ipite kwake kwenda kwa mamlaka zilizo juu yake, ukiambatisha barua ya hospitali ya Uingereza inayoonyesha tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Usipande ndege kabla ya jibu la maandishi. Mtumishi wa umma asiyeonekana kazini kwa zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa ana kosa linaloweza kumfukuzisha, na nimewaona madaktari wazuri ambao walitaka kweli kurudi, lakini walipofika wakakuta majina yao yamefutwa kwenye orodha ya mishahara, wakaanza upya kama wahitimu wa jana. Baadhi yao waligeuza na kuondoka tena, safari hiyo moja kwa moja.

Likizo bila malipo ina mambo yake madogo yanayosahaulika. Mshahara ukisimama, makato nayo husimama. Kama bado unadaiwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ile asilimia 15 iliyokuwa ikikatwa juu kwa juu haitakatwa tena, na itakupasa kuilipa mwenyewe ili deni lisilale. Michango ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, vilevile itakuwa na pengo. Nenda ofisini kwao ukaulize namna ya kuliziba. Leseni yako ya Baraza la Madaktari Tanganyika ihuishwe kila mwaka bila kukosa mwaka hata mmoja, na vyeti vya mafunzo utakavyopata kule uvitunze kwa kusudi hilo. Daktari ambaye leseni yake ya nyumbani imekufa huanza kujiona mgeni kwao, kidogo kidogo, bila mtu kumwambia.

Kuhusu mtoto nitakueleza langu. Mwaka 1994 niliondoka kwenda kufanya kazi ya udaktari wa watoto kaskazini mwa Uingereza, nikamwacha binti yangu wa miaka mitatu kwa mama yangu Tanga. Simu ilikuwa ghali na barua ilichukua siku kumi. Niliporudi kwa likizo ya kwanza, baada ya miezi 14, nilimkuta barazani ameshika pindo la kanga ya bibi yake. Nilichuchumaa nikanyoosha mikono. Akajificha nyuma ya bibi, akachungulia, kisha akasema kwa adabu aliyofundishwa, "Shikamoo shangazi." Mama yangu alicheka ili kunisitiri, nami nikacheka pia. Usiku ule nililala na kandambili zake ndogo mkononi. Alinizoea baada ya wiki mbili, na wiki ya tatu nikaondoka tena. Leo ni mtu mzima mwenye watoto wake, na tunapendana, lakini mpaka sasa jambo lolote likimsibu humpigia simu kwanza mama yangu mdogo aliyemlea baada ya bibi yake kufariki.

Kwa hiyo usinisikie nikisema kwamba mtoto atazoea. Ushauri wangu ni kwamba utangulie peke yako, upate nyumba na uzoee zamu, kisha mumeo na mtoto wakufuate ndani ya miezi minne hadi sita, na isipite hapo. Viza ya mpango huu inaruhusu mwenzi na watoto, na mwenzi anaruhusiwa kufanya kazi. Mtoto anayetimiza miaka minne mwezi Juni huingia darasa la kwanza kabisa la shule ya msingi Septemba hiyo hiyo, na shule ya serikali haina ada, hata kama atachelewa kidogo kujiunga.

Ila gharama uzijue mapema. Kila mwombaji wa viza ya aina hii hulipa tozo ya afya, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto. Kwa watu watatu kwa miaka miwili kamili ni pauni 5,692, na hulipwa mbele, siku ya kuomba, pamoja na ada ya viza yenyewe. Wahudumu wa afya wasio kwenye viza inayosamehe tozo hiyo wanaweza kuomba kurejeshewa baada ya kila miezi sita ya kazi, pamoja na ya familia zao. Wengi hawajui, na fedha zao hulala huko. Viwango hivi hupanda, kwa hiyo viangalie tena siku utakapojaza fomu.

Lakini kabla ya pauni kuna mumeo. "Ni uamuzi wako" siyo ruhusa wala katazo. Ni mtu aliyeketi nje ya mlango akingoja kuitwa ndani. Wewe umemwonyesha barua ya kukubaliwa. Je, ulimwonyesha barua ya kuomba? Naye ana kazi ya umma, ana wanafunzi wake, na pengine anajiona mwalimu mwenye miaka kumi ya ubao akienda kubeba maboksi ghalani nchi ya watu kwa sababu mkewe amepanda cheo. Hayo ni mawazo halali kabisa. Keti naye jioni moja mtoto akiwa amelala, umwekee mezani tarehe, hesabu na ile ratiba ya wao kukufuata, umuulize yeye angependa miaka hiyo miwili imfae kwa lipi. Nimewahi kuona mwalimu aliyeitumia kujisomea shahada ya pili kwa masafa, na mwingine aliyeona heri abaki nyumbani na mtoto aende na mama yake pamoja na mdogo wa mama wa kumwangalia, jambo ambalo halikuwezekana kwa sababu ya masharti ya viza, wakalazimika kupanga upya. Mlipange pamoja sasa. Na mama mkwe mwachie mwanawe amjibu, siyo wewe.

Mama yako wa Songea anahitaji mtu mwenye jina, siyo familia kwa ujumla. Mteue ndugu mmoja, umpe daftari lenye dozi, tarehe za kliniki na namba ya daktari wake, umtumie fedha tarehe moja kila mwezi, na uongee na mama mwenyewe kila Jumapili saa ile ile. Ukiwa hapo hapo kwenye fedha, nakusihi usijenge nyumba kwa simu. Nimewajua wenzangu watatu waliotuma fedha za msingi, za tofali na za bati, wakapokea na picha, na waliporudi wakakuta kiwanja kina mpapai. Kiwanja kitakungoja.

Kwenye mshahara usidanganyike na tarakimu ya juu. Chukua mfano wa pauni 50,000 kwa mwaka. Kwa viwango vya mwaka wa kodi 2025/26 serikali itachukua kodi ya mapato pauni 7,486 na bima ya taifa kama pauni 2,994, utabaki na takriban pauni 3,293 kwa mwezi, na hapo bado pensheni, pango, kodi ya halmashauri, umeme, gesi na nauli. Mwenye nyumba anaweza kudai amana ya hadi wiki tano za pango kabla hajakupa ufunguo, na mshahara wa kwanza utaingia mwisho wa mwezi. Nenda na akiba ya kukufikisha hapo. Suala la pensheni uliulize mwezi wa kwanza kabisa: katika mfuko wa pensheni wa huduma yao ya afya, mwanachama anayeondoka kabla ya kutimiza miaka miwili anaweza kurejeshewa michango yake baada ya kukatwa kodi, na akishavuka hapo michango hubaki mfukoni mpaka umri wa kustaafu. Kwa mtu wa miezi 24 mpaka huo ni wa siku chache tu, na watu wengi hugundua siku ya kufunga mizigo.

Yule wakala mfute leo. Sheria ya Uingereza inamkataza wakala kumtoza mtu fedha za kumtafutia kazi, na kanuni nilizokutajia zinakataza kuwawinda watumishi katika nchi yetu; kwa hiyo huyo anavunja mambo mawili kabla hata hujajua kama kazi yenyewe ipo. Kubwa zaidi ni kwamba nafasi yako imejengwa juu ya ahadi ya kurudi. Ukiigeuza njia ya kuhamia, anayefuata nyuma yako kutoka Mtwara au Kigoma ndiye atakayeangaliwa kwa shaka.

Sasa nikupe habari ya kule, maana hakuna aliyenipa mimi. Utaondoka ukiwa bingwa na utafika ukiwa mwanafunzi. Wiki za kwanza hutaruhusiwa kumlaza mgonjwa usingizi peke yako, na kijana wa miaka 28 atasimama kando akiangalia mikono yako. Mimi nilikuwa nimeshatoboa mishipa ya vichanga wasiohesabika Tanga na Muhimbili, lakini siku ya tatu niliambiwa nisimguse mtoto mpaka mtu aone nikifanya mara kadhaa na kutia sahihi. Nililia kwenye stoo ya shuka. Nilichelewa kuelewa kwamba haikuwa dharau: mfumo wao hauamini sifa ya mtu, unaamini kilichoonekana na kuandikwa, na mzawa wao hupitia vivyo hivyo. Peleka daftari la kazi zako lenye idadi na aina ya upasuaji, lililotiwa sahihi na mkuu wako wa idara. Litakufupishia wiki hizo.

Kuna jingine linalowaponza madaktari wetu zaidi ya lugha. Huku kwetu kumwamsha mkubwa wako usiku huonekana ni udhaifu, na daktari hodari ni yule anayemaliza mwenyewe. Kule ni kinyume chake. Bingwa aliyelala nyumbani hatakulaumu kwa kumpigia saa nane usiku. Atakulaumu asubuhi akigundua kwamba hukumpigia. Hutaambiwa hivyo kwa ukali, utaambiwa kwa sauti ya chini na maneno laini, na usipozoea kusikiliza utadhani umesifiwa. Wagonjwa nao husema hivyo hivyo. Usiku mmoja mama mmoja alinieleza kwamba mwanawe "hayuko sawasawa kidogo tu", akaomba radhi kwa kutusumbua, na nilipomfunua mtoto yule nikakuta shingo imekakamaa na vipele vya damu vimetapakaa miguuni. Tangu siku ile, neno "kidogo" la watu wa kaskazini nililipokea kwa mikono miwili.

Hospitali itakukinga kwa madai ya fidia ya wagonjwa, lakini ukiitwa na Baraza Kuu la Madaktari la huko kinga hiyo haikufuati. Jiunge na chama cha kutetea madaktari kabla ya zamu ya kwanza. Na ujiandae kwa giza. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, utaingia kazini gizani na kutoka gizani, na nyumba ikiwa tupu moyo huinama hata kwa mtu imara. Miezi hiyo ndiyo iliyowafanya wengi waone kila kitu cha kwao kimewatupa. Tafuta Watanzania, Wakenya, msikiti au kanisa, mapema, wakati bado huhitaji.

Kuhusu kujifunza, mkutano wa kwanza na msimamizi wako mwambie waziwazi kwamba unarudi kwenye hospitali ya mkoa yenye mashine ya kuchuja oksijeni na ketamini, na uombe muda mrefu zaidi kwa akina mama wajawazito, kwa watoto na kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Wana mashine za kupendeza, na zitakuvuta. Jifunze zaidi yale yasiyohitaji umeme: namna wanavyokabidhiana wagonjwa zamu kwa zamu, wanavyokaa baada ya kifo na kukichambua bila kumtafuta mchawi, wanavyosimama wote, mpasuaji na muuguzi, kusoma kwa sauti ile orodha ya usalama ya vipengele 19 ambayo Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 2008. Orodha hiyo pengine hata kwenu imebandikwa ukutani. Tofauti ni kwamba kule ukiiruka, muuguzi mdogo kabisa atamsimamisha profesa.

Ukirudi utapata miezi michache ya hasira. Mimi ilinichukua karibu mwaka. Kila kilichokosekana kilinikumbusha kule, nikawa nasema "kule tulikuwa tunafanya hivi" mpaka wauguzi wakanipachika jina la "Bi Kule", na walikuwa na haki. Nilipoacha kusema ndipo walipoanza kuniuliza. Kilichobaki mpaka leo katika wodi ile ni karatasi moja tu ya kukabidhiana zamu, niliyoichora kwa mkono mwaka 1996, ambayo vijana wa sasa hawajui ilitoka wapi. Wewe anza na moja pia, na uianze na yule muuguzi aliyekuuliza swali, awe wa kwanza kuijua.

Kwa sasa kaa uandike ile barua ya ruhusa. Jibu likitoka hakikisha linataja kwa tarehe siku ya kuondoka, siku ya kuripoti tena, na kituo utakachorudi. Kama moja kati ya hayo halimo, lirudishe kwa adabu liandikwe upya. Kisha toa nakala mbili. Moja iende nawe, na nyingine mkabidhi mumeo aitunze.